Jina la Wenyeji

Alikuja na fomu na ndoo nyeupe ya plastiki,
binti Eliakunda, buti zimemzidi mguu,
akanikuta hapa Uvinza, darajani kwa Ruchugi:
"Mzee, samaki huyu unamfahamu?"
Picha ndani ya simu. Urefu wa kidole cha mwisho,
mstari wa kutu ubavuni, jicho la kuazima.

(Mzee! Juzi tu nilikuwa wa kutumwa sigara.)

Nikasema namfahamu.
Namfahamu kwa kopo:
kopo la Kimbo lililotobolewa kwa msumari,
tukilizamisha nyuma ya jiwe, pale maji yanapochemka bila moto,
mimi na kaka yangu Ntahondi.
Likipanda limejaa, linadunda mkononi kama moyo wa kuku.
Hatukumla. Nani angemla? Mfupa na macho.
Tulimpitisha ndoana mgongoni angali hai,
kambale amwone akihangaika.

"Walikuwa wangapi?" Kalamu tayari.
Mwanangu, nani huhesabu chambo?

Akauliza mawe yamekwenda wapi.
Hayajaenda popote. Yapo chini, yamelala,
yamevuta shuka la tope hadi kidevuni.
Nikamwonyesha kilima: zamani miyombo,
leo upara na visiki.
Kuni zile tulizikokota wenyewe hadi matanuruni.
Miaka kumi na tisa nimechochea moto chini ya masinia ya maji chumvi,
mkono huu hauoti vinyweleo mpaka leo.
Kila mvua kilima kinateremka mtoni, kijiko kwa kijiko.
Watu wamekoleza mboga kwa chumvi yetu, hadi ng'ambo ya ziwa,
mto nao ukakolea, wekundu.

Siku tatu tukavuta wavu.
Kaa. Kandambili ya kushoto.
Perege wachanga, na kipande cha chandarua cha mtu.
Siku ya tatu, jua utosini,
Eliakunda akaacha kupumua:
mmoja.

Ndani ya ndoo nyeupe alizunguka ukutani,
akazunguka, akitafuta jiwe.
Akapimwa kwa rula: sentimita tatu na nukta nne.
Akarudishwa kwa viganja viwili,
kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku.

Fomuni kilibaki kisanduku kimoja: Jina la wenyeji.
Nikafungua kinywa.
Chambo, nilitaka kusema.
Ulimi ukakataa.
"Andika hana." Akachora kistari.

Usiku kistari kile kilinikaa kooni kama mwiba.
Nikampigia Ntahondi huko Mpanda, kwa salio la kukopa:
"Wale wa kopo, mama aliwaitaje?"
Akacheka mpaka akakohoa.
"Kanyamunyu! Umesahau? Kachumvi.
Walikuwa wanameta wakikauka juu ya jiwe.
Na sisi alituita hivyo hivyo, tukitoka kuoga."

Alfajiri gari lilikwisha ondoka, njia ya Nguruka.
Nikaandika ujumbe, herufi moja moja:
Anaitwa kanyamunyu. Futa kistari.
Nikatuma.
Mtandao huku hushika ukisimama juu ya kisiki.
Nimesimama.
Kiduara kinazunguka kwenye kioo,
kinazunguka ukutani,
kinatafuta jiwe.