Moja kwa Sabini na Mbili

Babu yangu, Clifford Maltby, alikuwa na banda
nyuma ya nyumba yao Lincolnshire, jirani na uwanja wa ndege
ambao siku hizi umelimwa kabichi,
na humo, kati ya ndoo na baiskeli isiyo na mnyororo,
aliunda vita ambavyo havikuwahi kupiganwa.

Vipande mia moja na kumi na nane kwenye kasha.
Alivikata kwa wembe, akavipiga msasa,
akavipanga juu ya gazeti
kama mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa.
Puani alitia chubwi mbili za kuvulia,
maana ndege tupu, alisema, hukalia mkia wake
kama mbwa mvivu.

Kisha rangi.
Ndege hii ni nyeupe, lakini si weupe wa harusi.
Ukishaangusha mzigo, ukageuka, ukakimbia,
mwanga utakufuata mgongoni.
Cheusi huunywa moto, cheupe huutema.
Hata alama za taifa, nyekundu na buluu,
zilififishwa zikawa waridi na samawati,
zisije zikaungulia kwenye bati.
Siku tatu alichanganya ile waridi:
mara imekolea, mara imekuwa ufizi.
Bibi Enid akachungulia mlangoni na taulo begani.
"Hiyo ni ya blanketi la Rosalind," akasema, "lile la hospitali."
Rosalind ni mama yangu.
Babu akaandika hesabu ya matone ukutani, kwa penseli.

Bomu lilikuwa namba tisini na sita na tisini na saba,
nusu mbili, gundi katikati, ndani patupu.
"Na lile la kweli, ndani kulikuwa na nini?"
Miaka minne alilisukuma kwenye toroli,
akalipangusa mvua, akalifunika usiku
kama mtu anayemfunika mgonjwa.
"Ndani sikuwahi kupaona," alisema.
"Mimi nilikuwa mtu wa turubai."

Nilikuwa na miaka kumi na moja, na shuleni tumefika uwiano.
Nikamwambia: gawa kila kitu kwa sabini na mbili,
mpira wa moto wa kilomita moja
unakuwa mita kumi na nne, kasoro kidogo.
Nikatoka kupima kwa hatua:
banda, mti wa tufaha, kamba ya nguo,
jikoni mpaka kwenye birika,
na pembe ya sebule ya akina Pocklington,
ambao tulikuwa hatusemezani nao.
Nikarudi nikihema, nikingoja sifa.
Babu alikuwa anasuuza brashi.
"Umesahau upepo," akasema.

Mwisho kabisa alipaka watu.
Askari wa milimita ishirini na nne,
brashi ya unywele mmoja,
mkono wa kushoto ukiushika wa kulia usitetemeke.
Mmoja akampa masikio mekundu, ya baridi.
"Huyu ana miaka kumi na tisa."
Jina hakumtaja. Akambandika kando ya toroli,
uso ameuelekeza kwenye uzio.

Mji hakuuunda.
Nikamwuliza mji uko wapi.
"Hatukuambiwa jina lake."
"Lakini ulikuwepo?"
"Kunywa chai, inapoa."

Sasa ndege iko kwangu, Leeds, kwenye kizingiti cha dirisha.
Huifuta vumbi kwa brashi ya poda,
pole pole, nisije nikamng'oa kijana.
Bawa la upande wa kioo limeanza kugeuka,
manjano ya jino la mvuta sigara.
Weupe uliotengenezwa uukabili ule mwako
umeshindwa na jua la hapa,
jua hili hili
lisiloweza kukausha hata soksi.