Ukurasa wa Kumi na Tisa

Mimi kusoma sikujaliwa. Namba nazijua,
za pesa, na za barabara zetu hizi za Ngamiani.
Nauza bagia za kunde, ubavuni mwa fundi baiskeli,
na karatasi za kufungia nanunua kwa kilo, Mgandini:
madaftari yaliyokwisha sahihishwa, ankara, magazeti ya mwaka juzi.

Siku hiyo nikaletewa furushi la majarida ya watoto.
Yana picha, yana rangi, karatasi yake nzito,
hainywi mafuta upesi. Nikasema: riziki hiyo.
Nikayachana.

Wa kwanza alikuwa Kilua, mtoto wa fundi.
Bagia tatu, chatini juu. Akala amesimama.
Mara namwona anaipangusa karatasi kwa shati lake,
anaigeuzia juani,
midomo inacheza kama ya mtu anayehesabu deni.
Akarudi.
"Bi Mwanasha, nipe tena."
Ngapi?
"Moja. Lakini uifunge na ukurasa wa kumi na mbili."

Nilicheka mpaka upawa ukaniponyoka.
Mwanangu, mimi nauza kunde, namba siuzi!
Hakucheka. Macho yake kwenye furushi:
"Kuna fisi kaiba kengele ya shule, kaivaa shingoni.
Sasa hawezi kunyatia hata kuku,
akiinua mguu, inalia. Ana njaa, Bi Mwanasha.
Kafika mlangoni, anataka kubisha,
ukurasa umeisha."

Nami, mjinga mimi, nikauliza:
mlango wa nani?

Hapo ndipo biashara ilipoharibika.
Au ilipotengenea, sijui.
Kesho yake walikuja saba.
Saumu wa Barabara ya Tisa ana ukurasa wa kumi na tatu,
umetoboka katikati, pale pilipili ilipolalia.
Mhina ana wa kumi na sita, kamnyang'anya mbuzi.
Pacha wa mama Nakiete waligombea wao ukachanika,
sasa hakuna asomaye bila mwenziwe.
Wakazipanga kwenye benchi la fundi,
wakaziwekea spana zisipeperuke,
na yule mdogo asiyejua herufi
akapewa kazi ya kufukuza inzi.

Baba yake Kilua akashangaa, tairi mkononi:
"Huyu kitabu cha shule akikishika, husinzia!"
Labda hakina mafuta, nikamwambia.

Tukafika wa kumi na nane.
Fisi kasimama mbele ya darasa, kengele inalia, watoto wote wamegeuka...
Wa kumi na tisa haupo.
Nilipekua furushi, nikapekua chini ya jiko,
nikakumbuka: bwana mmoja wa Pongwe, baiskeli nyekundu,
bagia tano, hana haja ya chatini.

Walikaa kimya kama waliofiwa.
Kisha Saumu: "Mimi najua fisi alisema nini."
"Hujui!"
"Najua!"
Nikawapa ankara, upande wake mtupu,
na kalamu ninayoandikisha madeni.
Magharibi inaadhiniwa, fisi ana miisho sita,
mmoja kawa mlinzi, mmoja kapata homa,
wa pacha kamla mwalimu, halafu kamtapika.

Sasa majarida sichani.
Fundi kanitundikia rimu kuukuu ukutani,
nimeyabana kwa vibanio vya nguo, yanazunguka.
Kusoma bure. Sabuni ile pale, nawa kwanza.
Bagia nafungia habari za mpira,
hizo kila mtu keshazisikia redioni.

Jana Kilua kanichorea B kwenye unga.
Matumbo mawili, yamegandana mgongo.
Nikamwambia: hii naijua,
nimeikaanga miaka ishirini.

Na wewe bwana wa Pongwe,
kama karatasi hukuitupa, irudishe.
Bagia tano nakupa, tena za moto.
Ila mwisho usinihadithie wewe.
Wape watoto wasome.
Mimi nitasikiliza,
na mafuta yakiungua, yaungue.