Nauli ya Mgeni

Nimelipa nauli ya mgeni
katika mji kilikozikwa kitovu changu.
Kigari hakina milango wala ngurumo,
kinateleza kama mtu anayeondoka msibani kabla ya chakula.
Viti sita: mimi, mume na mke wa Kijerumani,
wanafunzi wawili wa Dodoma na karanga zao,
na mbele, mkono mmoja kwenye usukani,
mwingine kwenye kipaza sauti,
Mkunde, kiongozi wetu, binti wa juzi tu, kofia ya kijani.

"Mzee wangu, umetokea wapi?"
"Tabora," nikasema.
Uongo ukanitoka laini kama chenji.

Tukaanzia stesheni.
Akataja Wajerumani, akataja reli ya kutoka Tanga,
akataja mwaka, na sauti yake ikaupigia mwaka mstari.
Mimi kimya.
Sikusema kwamba pale, karibu na dirisha la tiketi,
mama alinivua kiatu cha kushoto atoe kokoto,
honi ikalia, tukapanda mbio,
kiatu kikabaki benchini kinatuangalia.
Nilishuka Korogwe mguu mmoja mwanafunzi, mmoja mchunga mbuzi.

Kigari cha umeme kina jambo moja:
injini ikinyamaza, mji unasema.
Nikasikia ufagio wa chelewa, kijiko ndani ya kikombe,
mtu anagombana na kufuli.

Kwenye sanamu ya askari wakashuka kupiga picha.
Sisi tulimwita Mjomba.
Tulimwomba ruhusa kabla ya kuvuka barabara,
na hakuwahi kukataa.

Mlima, kama kawaida yake mchana, umejifunika shuka.
Mkunde akautakia radhi kwa wageni
kama anayemtetea baba mkwe aliyelala.
Kwenye jengo la ushirika akaeleza kahawa, bei, wakulima.
Harufu hakuieleza.
Labda haimo kwenye karatasi yake.

Kisha mtaa wa soko.
"Majengo haya ni ya wafanyabiashara wa Kihindi,
tazameni namba juu ya mlango, 1938. Haya, tunageuka."
Tunageuka!
Na baraza lile, nguzo ya tatu,
ndipo cherehani ya baba ilipokanyagwa miaka kumi na tisa,
kaptula za nusu ya watoto wa Moshi zilipita chini ya sindano yake,
na kila Januari alinisimamisha nguzoni,
akalaza rula kichwani pangu, akachora kwa chaki ya fundi.
Nikachungulia.
Rangi ya kampuni ya simu imekunywa urefu wangu wote.

Majengo ilikuwa mbele kidogo tu.
Kigari kikapunguza, kikaguna, kikagoma.
"Chaji," akasema Mkunde, na kwa mara ya kwanza
hakuongeza mwaka.
Mjerumani akavua saa. Mkewe akapanda gauni.
Tukasukuma, maua ya mijakaranda yakipondeka chini ya viatu,
jasho likanisahaulisha Tabora:
"Kata kulia! Kulia, binti, mtaro huo!"

Akakata. Gurudumu likakwangua ukingo likasimama.
Mtaro wenyewe ulikuwa umefunikwa na maua, hauonekani,
hata mimi sikuuona.

Mkunde akageuka polepole.
"Mzee. Na Tabora mtaro wenu uko hapa hapa?"
Wanafunzi wakacheka mpaka karanga zikamwagika.

Ningeweza kumpa yote, kiatu, Mjomba, harufu.
Nikasema, "Kuna nguzo. Mtaa wa soko, ya tatu.
Ukipita kesho na watu wengine..."
"Niseme nini?"
Nikatafuta mwaka. Sina.
"Sema kuna mtoto alikuwa anapimwa hapo."

Akatoa kalamu, akaandika kiganjani,
chini ya namba ya fundi wa betri.
Tukainama tena.
"Moja, mbili," akahesabu Mjerumani kwa Kiswahili chake,
na tatu hakuijua,
tukamsaidia.