Mita Tisa

Skaistė alipiga magoti topeni,
akakwangua udongo kwa mwiko wa mwashi
hadi likatokea duara jeusi, upana wa sahani.
"Hii ndiyo ngome," akasema.
Nikatazama. Nikaona doa.

Mti ulioza, akaeleza, ukaacha kivuli chake ardhini.
Mashimo sitini na mawili yamezunguka kilima,
na hayo ndiyo yote tunayoyajua.
Kuanzia usawa wa nyasi kwenda juu
ni kubahatisha.

Mnara ulikuwa na urefu gani?
Walibishana majira yote ya baridi huko Kaunas,
huyu kumi na mbili, yule saba,
mwisho akaja mwenye kreni:
bima yake inaishia mita tisa.
Historia nayo ikaishia hapo.

Mimi ni mtu wa rafu za maduka makubwa.
Miaka kumi na moja nimekaza skrubu.
Siku ya kwanza Vygantas alininyang'anya mashine,
akanipa tezo.
"Mwaloni huu bado una maji. Usiupige. Uulize."
Niliuuliza wiki tatu.
Viganja vikajibu.

Tulichonga ulimi, tukachonga shimo lake,
wala msumari hauonekani popote.
(Misumari ipo. Imo ndani, kamera isikofika.
Mhandisi aligoma kutia sahihi bila hiyo.)

Juni akaja mkaguzi wa moto, Bwana Normantas,
na fomu ya kurasa nane.
Mlango wa dharura uko wapi?
Vygantas alimtazama kitambo:
waliojenga hapa walitumia akili zao zote
kuhakikisha hakuna mlango wa pili.
Iliungua mara tatu hata hivyo. Wapanda farasi wa msalaba
walingoja mto ugande, wakavuka na mienge.
Leo kila chumba kina king'ora cha moshi,
vitaa vya kijani vikikonyeza usiku kucha,
na mlango wa pili upo,
upande wa maegesho ya mabasi.

Mtoto mmoja wa shule, mkate mkononi, aliuliza
nani alikuwa akiishi humu.
"Mimi," akajibu Vygantas, "tangu mwezi wa tatu."

Lakini nilitaka kusema habari za Domicelė.
Yeye hanunui tiketi. Hupita chini ya kamba,
hujaza kikapu vibanzi vya mwaloni,
vya kuwashia jiko, anasema,
na mimi najua jiko lake ni la gesi.
Huvinusa.
Siku moja akaniuliza bila kuinua macho,
"Na yangu mtaijenga lini?"

Akanipeleka ng'ambo ya barabara, katikati ya ngano.
Mwaka wa sabini na mbili walikuja na trekta na mnyororo:
mashamba yanyooke, watu wahamie mtaani.
Magogo ya baba yake yaling'olewa, yakarundikwa, yakachomwa
alasiri moja tu, yeye yuko darasani.
Hapo ngano hurefuka kuliko kwingine, kila mwaka,
kijani kilichoiva, umbo la vyumba viwili na baraza.

Nilimweleza Skaistė. Akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Ile ni changa mno," alisema.
"Ruzuku yetu inaanzia karne ya kumi na nne kurudi nyuma."
Akafuta tena, miwani ilhali safi.

Ufunguzi ni Jumamosi. Kutakuwa na pombe ya asali
na naibu waziri.

Jana jioni nilichukua kipande cha nguzo kilichobaki,
urefu wa mkono, nikakichonga ncha,
nikavuka barabara.
Domicelė alinionyesha kwa kidole cha mguu:
hapa, kulia mwa mlango,
palipokuwa pa kutundika koti la baba.
Tulikigongelea hadi kikazama chote
na ngano ikajifunga juu yake.

Hakuna cha kutazama pale.
Kuna shimo moja, na mti ndani yake
ambao umeanza kuoza.