Boga la Nsambya

Sikukuu yenyewe si yetu. Tuliipata kama mitumba,
kama koti la Ayikoru lenye vifungo vya watu wengine.
Mama mmoja wa Muyenga niliyekuwa nikimfulia
alipanda ndege mwezi wa tatu, kabla anga halijafungwa,
akaniachia sanduku: popo wa karatasi,
meno ya plastiki, kofia ya mchawi,
na desturi isiyo na maelekezo.

Mwaka jana wanangu walikwenda kwake
wakarudi na pipi hadi ndani ya soksi.
Mwaka huu shule imefungwa, Candia hesabu zimemtoka,
ila tarehe hii haikumtoka.
"Mama, leo ndiyo siku ya kubisha hodi."

Mwanangu, hodi mwaka huu ni kosa.
Mama Wabomba atakunyunyizia dawa kwanza
ndipo aulize wewe ni nani.
Halafu kuna kafyu,
na anayeisimamia ni baba yako.

Akafikiri. "Basi tubishe humu humu."

Chumba kimoja, pazia moja katikati.
Nikajibanza nyuma yake. "Nani?"
"Mazimwi!"
"Mangapi?"
"Mawili, na moja linataka kukojoa."
Nikatoa karanga.
Wakabisha kabati, nikalijibia kabati.
Wakabisha ndoo, wakabisha sufuria,
kila mlango mimi, kila jirani mimi;
usiku ule nilikuwa mtaa mzima
na pumzi zikanikatika.

Boga nililinunua Kibuye kwa kubembeleza bei.
Nikalitoboa macho, mbegu tukazikaanga kwa chumvi,
ndani nikatia kibatari.
Likacheka kwa meno matatu.
Cheka, nikaliambia, kesho sufuriani.

"Leo mizimu yote hutembea?" Ayikoru akauliza.
Ndivyo alivyosema yule mama.
"Hata bibi?"

Bibi, mama yake baba, alizikwa Arua mwezi wa nne.
Magari yalikuwa yamezuiwa.
Tulimlilia kwa simu, salio likaisha
katikati ya ubeti wa tatu.

"Arua ni mbali. Ana kibali?"

Nikaiona njia yote: Nebbi, Pakwach, daraja la Karuma,
na kila kizuizi na askari wake.
Mizimu haiulizwi kibali, nikasema.
Akachagua karanga tatu, akazipanga dirishani.
"Nimemwekea zilizoungua. Ndizo alizopenda."

Saa tano, mlango ukabishwa kwelikweli.

Kofia ya chuma. Barakoa nyeusi. Fimbo.
Mabuti yenye tope la Katwe.
Ayikoru akapiga yowe, akajificha nyuma yangu.
"Ni mimi," likasema zimwi. "Ni baba."
"Vua uso kwanza," akasema Candia.
Akauvua. Kamba za barakoa zilikuwa zimemchora mashavuni
kama mtu aliyelalia mkeka.

Akaketi kitandani na mabuti yake.
Akaniambia kwa sauti ya chini,
"Kuna mwanamke alikuwa na beseni la nyanya.
Aliponiona tu, akakimbia, akaziacha zote.
Sikuwa nimesema kitu.
Sikuwa hata nimeinua mkono."

Nililitafuta neno, sikulipata.
Candia akapanda kitandani
akamvisha baba yake kofia ya mchawi,
akaivuta hadi masikioni.
"Sasa hutishi."

Mume wangu akanyoosha mkono dirishani, hajui,
akaokota karanga, akaitafuna.
"Imeungua," akasema,
akaokota ya pili.

Ayikoru akanitazama. Mimi nikalitazama boga.
Hatukumwambia.

Ya tatu ilikesha pale peke yake.
Asubuhi haikuwapo.
Panya wa Nsambya ni wengi, siapi.