Mengineyo

Ofisi ya kijiji, Chitemele, wilaya ya Bahi:
ubao wa matangazo una kioo, kioo kina kufuli,
ufunguo uko Dodoma mfukoni mwa mtendaji,
semina, siku ya nne.

Kanuni yataka karatasi ionekane.
Inaonekana. Jua limenyonya wino
hadi tarakimu zimepauka
kama uwele uliokosa mvua.

Nyemo wa darasa la sita
anapumulia kioo, anafuta kwa kiwiko, anasoma.
Nyuma yake ndoo kumi na mbili, tupu,
na wenye ndoo.

"Ukarabati wa pampu: laki nane.
Posho za vikao: milioni moja na ushee.
Shajala: laki tatu na nusu.
Mengineyo: milioni nne na laki mbili."

"Rudia hapo mwisho," anasema Bi Mbeleje,
aliyeuza kuku akachangia pampu elfu tano,
na stakabadhi anayo bado, kwenye kopo la chumvi.

"Mengineyo."

"Ni mtoto wa nani huyo?
Mbona hatujamwona msibani,
wala kwenye msaragambo?"

Wanacheka.
Kisha hawacheki.

Mbunge ana kabrasha lake, kurasa mia tisa,
aliletewa usiku wa kuamkia mjadala.
Diwani analo pia, amelikalia kwenye pikipiki.
Bi Mbeleje ana kipande cha mkaa.
Anampa Nyemo: andika hapa ukutani, makubwa,
nami nione bila miwani.

MENGINEYO AJE MKUTANONI.
AJE NA STAKABADHI.