Jicho Lisilo na Kope

Hapa Franeker hatuvuti mapazia.
Tumelelewa hivyo: taa iwake, kioo king'ae,
mpita njia aone kochi, chungu cha maua, paka,
ajue humu ndani hakuna la kuficha.
Nawe unayepita watupa jicho kidogo tu,
kama aonjaye mchuzi wa mwenzake,
kisha wageuza uso.
Hiyo ndiyo adabu, na hakuna aliyewahi kuiandika.

Kati yangu na Jelmer Wiarda palikuwa na sentimita arobaini.
Yeye: uzio wako umeingia kwangu.
Mimi: kwako ndiko kulikoingia kwangu.
Asubuhi moja nikakuta vigingi viwili vimeng'olewa,
vimelazwa majanini ubavu kwa ubavu, kama vijiko kwenye droo.
Sikumwona mtu. Nikanunua wa kuona:
kamera nyeupe, ndogo kama yai,
yuro themanini na tisa,
nikaikaza chini ya paa la banda la baiskeli.
Miaka thelathini na moja nimepima mitaro na kingo za maji.
Pembe naijua.

Akabandika karatasi mlangoni: UNANIREKODI.
Nikabandika yangu: NAREKODI UZIO.

Wahenga husema macho hayana pazia.
Walisema juu ya macho ya watu.
Jicho la mtu lina kope, hupepesa, husinzia,
huona haya likatazama chini.
Lile la bandani halikupepesa miezi minne.

Wakatuita, Jumatano, chumba cha juu ya maktaba,
kahawa na biskuti moja moja.
Mpatanishi, Bi Zonneveld, alikuwa na mafua.
Nikafungua kompyuta kwa furaha ya mtu mwenye turufu.
Tarehe kumi na tisa Novemba, saa tano usiku.
Sikujua kukata video, kwa hiyo ikaanza mapema mno:
uzio, giza, mvua ikipita kama sindano,
na juu kushoto, dogo kama stempu,
dirisha lao la nyuma,
lile lisilotazama chochote ila mashamba,
na banda langu.

Ngojeni, nikasema, anakuja.

Bi Zonneveld akaweka ncha ya kalamu juu ya ile stempu.
Hiske, mkewe, kwenye kiti cha plastiki.
Mabega matupu. Kichwa hakina hata unywele.
Mkono wa Jelmer wapanda na sponji, washuka,
taratibu, kama afutaye vumbi kwenye kitu cha kuazima.
Kisha taulo. Kisha taa ikazimwa.
Dakika nne baadaye akatokea bustanini kwa sapatu,
akashika kigingi kwa mikono miwili, akaking'oa
kama jino.

Huyo hapo, nikasema.
Bado nilisema.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Kifo kilikuwa njiani. Nilikitangulia mimi.

Jelmer hakupiga kelele.
Alinyosha mkono akaufunika uso wa kompyuta,
vidole vitano, vimetanuliwa:
pazia la kwanza katika nyumba yao.

"Uzio ni wako, Bwana Terpstra,"
Bi Zonneveld akasema, akipenga kamasi.
"Dirisha si lako."

Nilifuta yote. Miezi minne, kwa kidole kimoja.
Naapa sikuwa nimeliona lile dirisha.
Naandika *naapa*, nakata, naandika tena.
Mtu aliyepima maji maisha yake yote
hakuona taa?

Siku hizi kwao pana mapazia, mazito, ya kijivu,
mbele na nyuma, na mtaa mzima hutazama hayo tu.
Sijui kama Hiske bado yupo. Sithubutu kuuliza.
Jioni nikipita nataka kutupa jicho kidogo,
lile la adabu,
na sipati pa kulitupa.

Sentimita arobaini ni zangu. Zimeota magugu.
Siendi kuyang'oa.
Ukisimama pale
unaliona dirisha.